Pia ya Pegasus: nilivyotafuta kwa nini nashindwa na mtoto

Wiki tatu mfululizo nilikuwa nikishindwa kwenye mchezo wa pia na mtoto wa kaka yangu, Salimu, mwenye miaka 12. Tunachezea barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, baada ya swala ya alasiri, na wapita njia husimama kutazama. Kushindwa na mtoto ningevumilia. Lakini pale hukaa Mzee Athmani na dele lake la kahawa, na kazi yake ni kuhesabu tu. "Sita hizo, mwanangu," huniambia. "Kesho tena inshallah."

Mchezo wenyewe ni Beyblade, zile pia za kupigana ambazo Takara ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1999. Asili yake ni beigoma, pia ndogo za chuma ambazo watoto wa Kijapani walikuwa wakizungusha kwa kamba zamani. Zetu ni za kizazi cha chuma, kilichotoka Japani mwaka 2008 na baadaye kuuzwa nje na Hasbro. Mbili zinarushwa kwa pamoja kwenye uwanja wa plastiki wenye umbo la bakuli. Inayoacha kuzunguka mwanzo, au inayotoka nje, imeshindwa.

Yangu ni Storm Pegasus 105RF. Niliipata soko la Kongowea, kwenye rundo la vichezeo vya mitumba, kwa shilingi 200, na muuzaji akanitilia nyingine ya aina hiyohiyo, imechakaa, kama bakshishi. Ya Salimu ni Earth Eagle 145WD, aliyoletewa na khalati yake aliye Dubai pamoja na uwanja wake.

Mimi ni fundi simu. Kitu kikiwa na skrubu, mkono wangu hautulii mpaka nikifungue, kwa hivyo usiku mmoja nilizifungua zote na kuzipanga juu ya taulo kama simu iliyoingia maji. Juu kuna bolti yenye picha, chini yake pete ya plastiki ya rangi, kisha gurudumu la chuma ambalo ndilo uzito wote, kisha shingo, mwisho ncha inayogusa uwanja. Sisi barazani tunaita tu bolti, pete, chuma, shingo na ncha. Namba iliyoandikwa ni urefu wa shingo: 105 ni milimita 10.5, na 145 ni milimita 14.5. Herufi ni za ncha. RF ni raba bapa, inayoshika plastiki na kuifanya pia ikimbie kama iliyomwagiwa maji moto. WD ni ncha pana yenye kidude kidogo katikati. Pia ikianza kuchoka na kuyumba huegemea ule upana, ikaendelea kuzunguka wakati nyingine zimeshalala.

Kwa hivyo kwa jina zetu ni mshambuliaji na mlinzi. Kanuni ambayo kila mchezaji anaijua inasema mshambuliaji humpiga mwenye pumzi ndefu, mwenye pumzi humpiga mlinzi, na mlinzi humpiga mshambuliaji. Nilijifariji kwa hiyo kanuni siku kadhaa. Kisha nikaona kwamba Salimu hanishindi kwa ulinzi. Mara nyingi pia zetu zilikuwa hata hazijagusana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la pesa. Nilijiambia chuma changu ni dhaifu, nikaenda duka moja mjini nikanunua Storm Pegasus mpya kwenye kisanduku kinachong'aa, shilingi 1,500. Nyumbani niliona kisanduku hakina jina la kampuni yoyote. Nikachukua vyuma viwili, kipya na kile cha Kongowea, nikaenda kwa sonara mmoja Mji wa Kale ambaye humtengenezea simu.

"Dhahabu?" akauliza, akivuta mizani.

"Pegasus."

Alinitazama, akanyamaza, akapima. Kile kipya kilipungua karibu gramu 4. Kisha yeye mwenyewe akakitia kwenye ncha ya bisibisi na kukizungusha kwa kidole, na sote tukaona ukingo wake ukipanda na kushuka. Kile cha mitumba kilizunguka kimetulia. "Hiki cha bei kubwa ndicho cha bandia," akasema, akacheka mpaka akatoa miwani. Nimekitundika kwenye funguo za duka.

Basi nikaanza kupima kama mtu mzima. Nilinunua daftari la kurasa 48 na kumwambia Salimu tutacheza mapambano 20, nami nitaandika si nani ameshinda tu bali ameshinda vipi: kwa kuzunguka zaidi, kwa kumtoa mwenzake, au mwenzake katoka mwenyewe. Safu hiyo ya tatu niliiongeza kwa bahati, na ndiyo iliyoniokoa.

Mapambano 20 ya kwanza hayakufaa kitu. Uwanja ulikuwa kwa rafiki yake, tukatumia sinia la pilau la mama. Pegasus ilishinda 13 nikavimba kichwa, kumbe ukingo wa sinia ni mfupi na sakafu yake ni bapa, kila kinachogongwa kinaruka nje. Pia yenye fujo lazima ing'are pale. Uwanja halisi una mteremko unaorudisha pia katikati, na ukingo wa ndani ambao raba huupanda na kuufuata. Mama naye aliona mikwaruzo kwenye sinia lake, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Uwanja uliporudi tulianza upya. Mapambano 10 mimi na Pegasus yangu, kisha tukabadilishana pia, 10 nyingine Salimu ndiye akirusha Pegasus. Nilitaka kuondoa suala la mkono, kwa maana mtu wa miaka 30 na mtoto wa 12 hawavuti utepe wa kirushio kwa nguvu moja. Nilitarajia mkono wangu uonekane ndio unaoibeba ile pia.

Mimi nilishinda 3. Salimu, kwa pia ileile, alishinda 5.

Nilirudi kwenye safu ya tatu. Katika mapambano 7 niliyoshindwa, 5 Pegasus ilitoka yenyewe. Nilikuwa navuta kwa nguvu zangu zote, raba nzima isiyo na hata mkwaruzo inaishika plastiki, pia inatimua mbio, inapanda ukingo na kwenda zake chini ya viti. Salimu, kwa kuvuta polepole, alikuwa anaibakiza uwanjani. Nilikuwa nikishindwa na misuli yangu mwenyewe.

Nilipomsomea Mzee Athmani haya matokeo alitua kikombe. "Sisi pia zetu zilikuwa za mti, chini msumari. Msumari mpya haukai pahali pamoja, watangatanga tu. Mpaka uuchezee sana ndipo utulie. Wewe mguu wa pia yako ushautizama?"

Nikakumbuka ile nyingine ya bakshishi. Ncha yake ilikuwa imelika pembeni, raba imekuwa mviringo badala ya bapa. Mimi nilikuwa nimeiweka kando kama takataka. Niliivua kwa vidole, nikaifuta kwa kitambaa kibichi kwa sababu vumbi la baraza huitelezesha raba, nikaipachika kwenye Pegasus yangu. Nikakaza bolti mpaka mwisho. Bolti iliyolegea huifanya pia itetemeke, na mtetemeko hula mzunguko.

Siku hiyo nilijifunza vilevile kuinamisha kirushio kidogo badala ya kukishika sawasawa. Pia ikishuka kwa upande, na raba ikiwa imelika kiasi, haikimbii mstari mmoja kuelekea ukingo. Inachora kama ua: inatoka katikati, inazunguka, inarudi katikati, inatoka tena. Na katikati ndipo Eagle ilipokaa, imetulia na shingo yake ndefu. Ya kwangu ni fupi kwa milimita 4, kwa hivyo ilikuwa ikiingia chini ya chuma cha mwenzake na kumpiga kutoka chini. Pigo la kwanza lililokaa vizuri, Eagle iliruka ikagonga dele. Mzee hakusema neno. Aliinama akaiokota, akampa Salimu, akajimiminia kahawa.

Mapambano 20 ya raba chakavu: nilishinda 12. Kati ya hayo 12, 10 ni kumtoa nje. Pia zilipoachwa zizunguke hadi mwisho nilishinda 2 tu, na sioni hilo likibadilika, maana raba inakula mzunguko na WD inautunza.

Kisha nilijaribu kubadilisha chuma. Salimu alikubali kwa shingo upande kuniazima cha Earth Eagle yake, nikakifunga juu ya 105 na raba ileile. Nilishinda 10 kati ya 20 dhidi ya Eagle iliyovaa chuma changu cha Storm. Kwa mapambano 20, tofauti ya 12 na 10 naiita hakuna tofauti. Kusema kweli Storm si chuma kikali: miteremko yake ni laini na mapigo mengi yanateleza badala ya kung'ata. Lakini shilingi zangu 1,500 hazingenisaidia hata kama kile nilichonunua kingekuwa halisi, na yote niliyoyahitaji yalikuwa kwenye ncha iliyolika na mkono uliotulia.

Shida ya ncha hiyo ni kwamba haisimami pale ilipo. Kila siku inalika zaidi, na juzi nimeona kidoa cheupe cha plastiki kikichungulia kwenye raba. Sasa ile RF nzima naichakaza makusudi, dakika chache kila jioni kwenye sakafu ya simenti ya duka, wateja wakidhani nimepungukiwa akili.

Na Salimu hakukaa bure. Ijumaa alikuja barazani na kifurushi kingine kutoka Dubai: Lightning L-Drago 100HF, shingo fupi kuliko yangu, na inazunguka kushoto wakati zetu zote huzunguka kulia. Ina kirushio chake peke yake.

"Ami, lete daftari," akaniambia.

Nimefungua ukurasa mpya. Mapambano 4 ya mwanzo, nimeshindwa 3.