Mchanga katika usipa wa Matema

Kila ninaponunua sado ya usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, katika soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, hutafuna kwanza mmoja mkavu ili nijue kama una mchanga. Nilifundishwa hivyo na shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikausha na kuuza usipa kule Matema, wilayani Kyela, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka hadi majini mwa Ziwa Nyasa.

Usipa huvuliwa kwa taa, hasa usiku usio na mbalamwezi, na wanaokwenda ziwani ni wanaume. Wanawake husubiri ufukweni alfajiri wakiwa na ndoo zao, na hapo ndipo biashara yao inapoanza, ikiwa tayari imeelemewa. Mwenye mtumbwi ndiye anayetaja bei. Asiyekuwa na fedha taslimu asubuhi hiyo huchukua samaki kwa mkopo, kisha hulazimika kuuza haraka ili alipe, hata kama usipa haujakauka vizuri na mnunuzi kutoka Tukuyu au Mbeya anampunja waziwazi. Nimemwona shangazi akifanya hivyo, na iliniuma sana, kwa sababu kazi yote ya kuosha, kuanika, kugeuza na kufukuza kuku aliifanya yeye.

Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Kati ya Machi na Mei, usipa ulioanikwa chini mchangani unaweza kunyeshewa kabla haujakauka, ukaoza na kubaki chakula cha bata. Chanja ya miti iliyowambwa wavu hupitisha hewa juu na chini, huuepusha usipa na mchanga, na mvua ikitanda ni rahisi kuufunika kwa turubai. Gharama yake si kubwa, lakini ni kubwa kwa mtu anayedaiwa kila alfajiri, na ndiyo maana naona semina za ujasiriamali zisizoambatana na mtaji haziwasaidii wanawake hawa.

Fedha za kuanzia zipo kisheria: halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 4 ni za vikundi vya wanawake. Kikundi cha shangazi, kilichoanza kwa kuwekeana hisa kila wiki, kilijenga chanja zake kwa akiba yake chenyewe, na tangu hapo wanachama wanaweza kungoja siku mbili tatu hadi bei ipande.

Hata hivyo, chanja haimwondoi mwenye mtumbwi katika kupanga bei. Wanawake wa Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kilianza kibiashara mwaka 1989, wana malalamiko yao kuhusu bei ya mnunuzi, lakini angalau mwani wanaupanda na kuuvuna wenyewe. Huku ziwani mwanamke hana chochote mpaka mtumbwi wa mtu mwingine utie nanga.

Nilipomtembelea shangazi mara ya mwisho, kikundi kilikuwa kinaandika maombi ya mkopo. Hawakuomba chanja zaidi. Waliomba mtumbwi mmoja na nyavu zake, ili wawaajiri vijana wa kuvua kwa kugawana samaki, na bei ya alfajiri waitaje wao.