Mama wa Katuba kwenye miamba myekundu ya Arizona

Mwezi wa Juni, Lubumbashi kwetu Kongo, uliko mtaa wa Katuba wa mama, watu huamka na sweta. Phoenix, anakoishi mdogo wangu, tulikuta joto limepita digrii 40, na mama akagoma kutoka nje mpaka alipohakikishiwa kwamba tunapanda kaskazini. Flagstaff iko kwenye mwinuko wa mita 2,100, kuna misonobari na upepo. Hapo ndipo alipoanza kuongea tena.

Mimi nilifuata picha: miamba mitupu, bila mtu. Mama ana msimamo wake, maana picha zake za ujana zote alipigiwa studio Kamalondo, mtaa mwingine wa Lubumbashi, amesimama wima kando ya maua ya plastiki. "Mwanangu, picha isiyo na mtu utamwonyesha nani?"

Antelope Canyon, bonde jembamba karibu na mji wa Page, ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, na huingii bila kiongozi wao wa kutembeza wageni. Tulichagua sehemu ya juu kwa ajili ya magoti ya mama. Kule chini ni ngazi za chuma. Stendi ya kamera ni marufuku. Ndani, mara nyingi jua haliteremki moja kwa moja: linagonga ukuta huu, linatupwa kwenye ule, na kila likigonga linazidi wekundu. Kamera ukiiachia ichague rangi yenyewe, inadhani wekundu huo ni kasoro, inaufuta, unabaki na kijivu. Niliiweka kwenye alama ya wingu, rangi ikarudi. Nikabana viwiko mbavuni, nikazuia pumzi, nikapiga.

Kiongozi wetu, mwanamke wa makamo, alisema bonde hilo limechongwa na mafuriko na bado yanakuja. Agosti 1997 watalii 11 walikufa katika ile sehemu ya chini, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali. Baada ya hapo watoto hawakuhitaji kuambiwa wasibaki nyuma.

Tulipokuwa tunaelekea Monument Valley, bonde la miamba mirefu, simu zikaruka saa moja mbele. Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, Wanavajo wanabadilisha. Kwa hiyo ukipanga kuwahi mwanga wa jioni, uliza kwanza saa ya nani.

Njia ya kuzunguka bonde ni kilomita 27 za vumbi jekundu, na wekundu wenyewe ni kutu ya chuma, sawa na udongo wa kwetu. Mzee aliyetuendesha alitaja migodi ya urani. Kati ya 1944 na 1986 urani ilichimbwa sana katika nchi ya Wanavajo, na migodi zaidi ya 500 ilitelekezwa. Mdogo wangu akamtafsiria mama. Mama akasema neno moja tu: "Shinkolobwe," mgodi wa urani wa kwetu Katanga. Yule mzee alilijua! Akageuka, akamtazama vizuri, na tangu hapo alisimamisha gari kila mama alipotaka, hata pale ambapo wageni wengine walipitishwa tu.

Mama akashuka na kikwembe chake cha buluu, akasimama wima kama alivyofundishwa studio. Nikarudi nyuma hatua nyingi. Bila yeye, mwamba wa mita 300 ungeweza kuwa kichuguu cha njia ya kwetu ya Kasumbalesa. Yeye akiwa pale chini, kitone cha buluu, jicho linapata kipimo. Zile picha zangu za miamba mitupu ni safi, ila hakuna aliyeniomba hata moja.

Grand Canyon tulifika jua likiwa kali, saa mbaya kwa picha, vivuli vimeisha. Bonde lina urefu wa kilomita 446 na kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu. Nilipiga chache, mke wangu akagawa maji, na mama akatuma picha kwa majirani wa Katuba. Jibu likaja kwa sauti, tukalisikia sote: "Mama, hiyo ni karieri ya kampuni gani? Wanatoa shaba?"

"Hakuna kampuni," mama akajibu. "Ni mto ndio umechimba."

Kimya kidogo, kisha simu ikalia tena: "Na huo mto, nani alimpa kibali?"