Namba ya Winga wa Kushoto

Mpwa wangu anajaza fomu za kuomba chuo, na juzi usiku aliniuliza kwenye simu, "Mjomba, kule ulisomea mpira au ulisomea uchungaji?" Nilimjibu kwamba katika kile chuo cha Kikristo nilisomea vyote viwili, akaridhika, tukaagana. Mimi sikuridhika. Tangu hapo nimekuwa nikiiwaza alasiri moja ya mafunzo kwa vitendo kule Makorora, Tanga, kwa sababu ndipo mambo hayo mawili yaliponijia kwa pamoja na kunitaka niamue.

Ya darasani nitayapita haraka. Tulisoma mifupa na misuli, tukajifunza kumhudumia mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu, tukakimbia lile jaribio la kwenda na kurudi mita 20 ambalo huanza kwa mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka kasi kila dakika hadi pumzi ikuishie. Tulisoma pia habari za Eric Liddell wa Uskoti, ambaye katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 hakukimbia mita 100 kwa sababu mchujo wake uliangukia Jumapili, akajiandaa kwa mita 400 na kushinda kwa sekunde 47.6, kisha akaenda China kuwa mmisionari hadi alipofariki mwaka 1945 katika kambi ambamo Wajapani waliwafungia raia wa kigeni. Jina lake lilitajwa chuoni kwa heshima ya pekee, na mimi nilimpenda kwa moyo wote.

Nilipopangiwa Makorora, nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa na wazazi. Sikuwaficha kitu. Niliwaeleza kwamba natoka chuo cha Kikristo, kwamba nitawafundisha watoto mpira na afya ya mwili, kwamba nitazungumza nao habari za Yesu waziwazi, na kwamba hakuna mtoto atakayelazimishwa kusikiliza wala atakayenyimwa mpira kwa sababu ya dini yake. Wengi wa wale watoto walikuwa Waislamu. Bibi mmoja alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema mjukuu wake atakuja, ila Alasiri isimpite. Nikamwahidi. Kwa kawaida tulikuwa tukianza baada ya sala hiyo, hivyo ahadi haikunigharimu lolote, mpaka siku ya tathmini.

Siku hiyo mwalimu aliyekuja kunipima alikuwa na mwanafunzi mwingine wa kumkagua Muheza kabla ya giza, kwa hiyo aliomba tuanze saa tisa. Fomu yake ilikuwa na vipengele vya maandalizi, usalama, ufundi na mazoezi ya viungo, na cha mwisho kilikuwa neno la mapumziko, yaani hotuba fupi ya Injili, chenye alama 20 kati ya 100. Neno langu lilikuwa tayari. Nilikuwa nimeandaa habari za wakimbiaji katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi usiku kucha.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Nilipopuliza filimbi niliwaketisha mchangani nikawaonyesha namna ya kuhesabu mapigo ya moyo: vidole viwili shingoni, sekunde 15, kisha unazidisha kwa 4. Watoto wa umri ule hawanyamazi kwa urahisi, lakini kuusikiliza moyo wako mwenyewe ni jambo kubwa ukiwa na miaka kumi na miwili, na uwanja wote ukanyamaza. Midomo ilikuwa ikitikisika bila sauti, macho yakiwa yamekazwa kwenye saa yangu, vifua vikipanda na kushuka chini ya vizibao vilivyolowa jasho. Mwadhini alianza katikati ya ukimya huo. Hakuna aliyeinuka. Walimaliza kuhesabu, wakanitajia idadi zao, na mmoja baada ya mwingine wakageuza nyuso kuniangalia, wala si mimi tu, bali na yule mgeni aliyeketi kwenye benchi chini ya mwarobaini na fomu yake mapajani. Winga wangu wa kushoto, mjukuu wa yule bibi, akasogea karibu.

"Kocha, samahani. Nikienda kuswali, nikirudi nitaikuta namba yangu?"

Sijawahi kuulizwa swali zito kuliko hilo uwanjani. Mtoto alikuwa amekwisha kuona kwamba huenda kuna bei, naye alitaka kuijua kabla hajaondoka. Nilimkumbuka Liddell. Kama tulifundishwa kumheshimu mtu aliyeacha mbio kubwa kwa ajili ya siku ya ibada yake, ningewezaje kumnyang'anya namba mtoto anayeacha mpira kwa robo saa kwa ajili ya sala yake? Nilisema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mapumziko yanarefushwa, anayekwenda kuswali aende, na kila mmoja atarudi kwenye namba yake. Wakatimua mbio kuelekea msikitini.

Walibaki watatu. Mwalimu akaniita, akasema kwa upole, "Mtumishi, hawa waliobaki waambie neno." Nilimwomba radhi nikakataa. Niliona kwamba wale wengine wakirudi na kusikia kwamba Yesu ametajwa walipokuwa hawapo, wangejifunza kwamba ana habari za kuzungumzwa kwa siri, ilhali niliwaahidi wazazi wao uwazi. Tulihesabu tena mapigo kuona jinsi moyo unavyotulia. Wenzao waliporudi tukacheza kipindi cha pili, na winga alikuwa kwenye namba yake.

Kabla ya kuondoka mwalimu alinishika bega. "Umewapa mpira na maji ya kunywa," akasema. "Hayo hata serikali ya mtaa inaweza kuwapa. Wewe umetumwa kuwapa nini zaidi?" Kipengele cha mwisho alikiandikia sifuri. Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu, maana swali lake lilikuwa la haki. Ningeweza kumtajia James Naismith, aliyesomea theolojia kabla ya kubuni mpira wa kikapu huko Springfield, Marekani, mwaka 1891 katika shule ya YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, na ambaye alikataza kukimbia na mpira mkononi ili wachezaji wasiwe na sababu ya kuangushana. Nakubali kwamba sheria ya mchezo yaweza kumfundisha mtu kumheshimu mwenzake. Lakini haiwezi kumtajia Kristo kwa jina, na mimi naamini jina hilo linapaswa kutajwa.

Wiki iliyofuata, baada ya Alasiri, nililitoa neno langu la wakimbiaji. Niliwaambia kwanza kwamba asiyetaka kusikia aendelee kucheza upande wa pili, na baadhi walichukua mpira wakaenda. Winga wa kushoto alibaki, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wakimbiaji wa Korintho nao walikimbia peku. Kama alibaki kwa ajili ya neno, au kwa sababu alidhani namba yake sasa inadai kitu, sikumuuliza. Niliogopa kwamba, nikimuuliza, ataanza kunilipa.