Nilipogeuza upande wa mita

Siku 3 nimehangaika na jenereta ya mawimbi ya redio, kifaa cha kupimia redio, ile nzito ya zamani yenye swichi za kuzungusha, na siku zote 3 lawama nilimtupia osileta, sehemu inayozalisha mawimbi. Nguvu ilikuwa ikitoka kupita kiasi, lakini si kila mara, na hapo ndipo nilipopotea.

Kilichonifungua macho ni karatasi na kalamu. Nilizungusha atenueta, sehemu inayopunguza nguvu inayotoka, hatua moja moja, desibeli 10 (kipimo cha upunguzaji huo) kila hatua, nikiandika inavyosema mita. Kwenye 10, sawa. Kwenye 20, nguvu imezidi kwa karibu desibeli 4.5. Kwenye 30, imezidi vilevile. 40 na 50, sawa kabisa. 60, kosa limerudi. Ndani ya atenueta mna vipande vinne tu, vya 10, 20, 40 na 40, na swichi huvichanganya kupata jumla inayotakiwa. Kila palipokosewa, kipande cha 20 kilikuwepo.

Nikafungua kasha. Kipande hicho kina rezista 3: moja ya takriban omu 248 katikati ya njia, na mbili za omu 61 zinazoshuka ardhini, moja kila upande. Nikafunga mzigo wa omu 50 upande wa kutokea, nikapima upande wa kuingilia. Omu 51, karibu sawa na 50 inayotakiwa. Kizima! Nilibaki nimeikodolea macho mita, maana karatasi yangu ilisema vingine. Kisha nikageuza, mzigo ukaenda upande wa kuingilia na mita upande wa kutokea. Omu 275.

Rezista ya ardhini upande wa kutokea, penye konekta, imekatika. Kwenye kioo cha kukuza niliona ufa mweusi, mwembamba kama unywele. Nadhani kuna aliyeunganisha redio ya kurushia, akabonyeza kitufe cha maikrofoni, wati kadhaa zikarudi kinyumenyume mahali pasipohimili hata wati 1. Inaniuma kifaa kizuri hivi kuumia kwa kidole cha sekunde 2.

Nimelehemu nyingine isiyo na miguu ya waya, kwa kuwa miguu mirefu hugeuka koili masafa yakipanda. Skrubu za kifuniko nimezirudisha zote, pamoja na moja iliyokosekana tangu nilipokipata. Kwenye viwango vya chini kabisa vya nguvu, mwanya mdogo huvujisha mawimbi mengi kuliko yanayopita kwenye waya.

Usiku huu 20 inasoma 20.1. Kesho naipima redio yangu, na maikrofoni nimeshaichomoa.