Sugu za viganjani

Nimerudi nyumbani baada ya miaka 17. Ni wiki ya tatu sasa, na kila anayekuja kunisabahi, tukishamaliza habari za afya na za waliotangulia mbele ya haki, huishia kwenye swali lilelile: eti huko ulikokuwa mashine ndizo zinazofanya kazi zote? Wakisikia nilikuwa bandarini Rotterdam, Uholanzi, wanavuta kiti. Nimejibu mara nyingi kwa mdomo, na kila mara nimelikata jibu nusu. Leo naliandika lote.

Lazima nianze na baba. Baba alikuwa kuli. Alibebea bega la kulia, na bega hilo mpaka leo limeshuka chini ya mwenziwe. Juu yake pana sugu nene kama ngozi ya kisigino. Utotoni tulikuwa tunaigusa akiwa amelala, tukidhani kila baba anayo. Alikuwa na ndoano ya kuvutia magunia, mpini wake wa mti umelainika kwa jasho hadi unang'aa, na hakuna aliyeruhusiwa kuichezea.

Siku niliyofika nilimpa mkono nikasema shikamoo baba. Akaitikia marahaba, ila mkono hakuuachia. Aliugeuza, kiganja kikatazama juu, akapitisha kidole gumba polepole pale vidole vinapoanzia. Macho yake hayaoni vizuri tena, lakini kidole kile kinajua kinachotafuta.

"Mwanangu, si ulituambia unafanya kazi na mitambo?"

"Ndiyo, baba."

"Mitambo gani inayootesha sugu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Miaka yote nilikuwa nikipiga simu nasema nipo kwenye bandari ya kisasa, kila kitu kinajiendesha. Sikudanganya. Rotterdam ndiko kulikofunguliwa, mwaka 1993, kituo cha kwanza cha makontena chenye magari yasiyo na dereva. Magari yale hufuata vitambuzi vilivyofukiwa chini ya lami, yanapishana usiku kucha bila honi wala taa ya kumsaidia mtu kuona, maana mtu hayumo. Eneo lote limezungushiwa uzio, na binadamu akiingia mitambo inasimama. Mwaka 2015 kikaanza kituo kingine ambako hata mwendesha kreni ya melini hakai tena kule juu. Anakaa ofisini mbele ya skrini, kikombe chake pembeni.

Sasa mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa melini, katikati ya makontena, mimi na wenzangu, wengi wetu wageni. Kontena likiwa juu ya meli hufungwa kwa fito ndefu za chuma, nyingine zina uzito wa kilo 20 hivi, na kila pembe hukaa kufuli ya chuma ya kuligandisha na lile la chini yake. Fito zile hufungwa na kufunguliwa kwa mikono ya watu. Unasimama kwenye kijinjia chembamba, upepo wa bahari unakupiga shavuni, chuma kimejaa barafu, unainua fito juu ya kichwa mpaka ncha yake iingie kwenye tundu usiloliona vizuri. Halafu unakaza. Halafu inayofuata. Kreni haichoki na haikungojei. Zamani kasi ya kazi ilipangwa na genge lenyewe: mzee akichoka vijana wanapunguza mwendo. Pale kasi ilipangwa na mtambo, na sisi tulikuwa ile sehemu ndogo ambayo mtambo bado haujaiweza.

Nilimweleza baba haya yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe na wewe ni kuli." Hakusema kwa masikitiko. Ilikuwa kama mtu aliyempata ndugu aliyepotea.

Nikamuuliza yeye sasa lile swali ninaloulizwa mimi: mashine ni heri au ni shari? Nilitegemea ailaani. Yeye ndiye aliyeachishwa kazi makontena yalipoingia. Nilikuwa darasa la tano, na nakumbuka alivyorudi mchana, saa ambayo hakuwa akionekana nyumbani, akaitundika ndoano ukutani.

"Mashine ni heri," akasema. "Wewe unadhani mimi nalilia gunia?"

Hapo ndipo wengi tunapokosea, hasa sisi ambao hatukubeba. Tunaizungumzia kazi ya mikono kama kwamba utu wa mtu uko ndani ya mzigo. Baba amewazika wenzake waliopondwa na shehena iliyochomoka kwenye winchi. Anamkumbuka aliyeanguka ndani ya ngama, kule tumboni mwa meli, asitoke mzima. Kazi ile ilimpa chakula cha watoto na ikamchukua uti wa mgongo, na hataki mjukuu wake airithi. Mtu akija kuniambia kwamba tuikatae mitambo ili watu waendelee kubeba, namwomba kwanza akamtazame baba anavyoinuka kitini.

Na faida kwa jamii si ya kubuni. Mwaka 1954 meli ya Marekani iitwayo Warrior ilipakiwa Brooklyn kwenda Bremerhaven, Ujerumani, na wachunguzi wakahesabu kila kilichoingia: vipande 194,582. Makasha, magunia, mapipa, vifurushi, kimoja kimoja, mikononi mwa watu. Kupakia kulichukua siku 6 na kupakua siku 4, wakati bahari yenyewe ilivukwa kwa siku 10 na nusu. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Aprili 1956, Malcom McLean, mtu aliyetokea kwenye biashara ya malori, alipeleka makontena 58 kutoka Newark hadi Houston kwa meli iitwayo Ideal X. Hesabu inayotajwa hadi leo ni kwamba kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu dola 5.86, na kwa njia yake kukagharimu chini ya senti 16. Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya dawa, vitabu, vipuri na nguo visafiri dunia nzima kwa nauli ambayo karibu haionekani. Mimi na wewe tunavaa faida hiyo.

Kwa hiyo swali la kama mashine ni nzuri kwa jamii, kwangu, limekaa vibaya. Dola 5 na ushei zilizookolewa kwenye kila tani zilikwenda wapi? Mgongo uliozibeba kabla ulipata nini?

Kuna mahali walijibu. Mwaka 1960, kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, chama cha makuli kilichoongozwa na Harry Bridges kilikaa mezani na wenye meli. Chama kikasema: leteni mitambo yenu, hatutaizuia, lakini tunataka fungu letu. Wenye meli wakakubali kuweka dola milioni 5 kila mwaka kwenye mfuko wa wafanyakazi. Aliyefika miaka 65 akiwa ametumikia miaka 25 akaondoka na dola 7,920 mkononi, nje ya pensheni yake ya kawaida. Waliobaki wakahakikishiwa kwamba mtambo hautamfukuza yeyote kati yao. New York nako, katikati ya miaka ya 1960, makuli walikubali magenge yapunguzwe, wakapata dhamana ya malipo ya saa 1,600 kwa mwaka, kazi iwepo isiwepo.

Niliposoma habari hizi, kwenye vitanda vya chuma vya bweni tulilopangishiwa, nilidhani siri ni ushujaa. Nikajiambia wale walikuwa wakali kuliko akina baba. Imenichukua muda kuona kwamba sivyo. Makuli wa San Francisco, kwenye pwani hiyohiyo ya magharibi, walikuwa wamegoma mwaka 1934, na walichokipata kwenye mgomo ule ndicho kilichowasaidia miaka 26 baadaye: ukumbi wao wa kupangia kazi na daftari la majina. Kabla ya hapo walikuwa wakisimama alfajiri wakisubiri mnyapara anyooshe kidole, wewe njoo, wewe baki. Baada ya hapo kila mtu alikuwa na jina lililoandikwa. Kontena lilipokuja, wenye meli hawakukuta umati, walikuta orodha, na orodha unaweza kuipigia hesabu.

Hata pale pale San Francisco ona kilichotokea. Waliokuwa kwenye orodha ya kwanza, daraja A, ndio waliogawana mfuko. Wa daraja B, waliofanya kazi ileile kwenye ngama zilezile, hawakuwa na sehemu yao. Chama kilekile cha makuli kiliwaacha nje. Hilo linaniuma zaidi kuliko habari za wenye meli, kwa sababu wenye meli sikuwatarajia.

Nilimweleza baba na hili. Akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani. Siku ile aliyorudi mchana, walikwenda ofisini kudai. Walikuwa wengi, uwanja ulijaa. Karani akafungua kitabu, akauliza: majina yenu yako wapi? Hayakuwemo. Wote walikuwa vibarua wa siku, miaka 10, miaka 15, wengine 20, kila siku wakiajiriwa upya asubuhi na kuachishwa jioni. Kwa karatasi, baba hakuwahi kufanya kazi pale. Bega lake ndilo ushahidi peke yake, na karani hakuwa na safu ya kuandikia bega.

Najua jibu la wasomi, kwamba mashine ikiua kazi moja huzaa nyingine. Ni kweli, nimeziona. Fundi wa kreni, mwandishi wa programu, kijana wa kwenye skrini, madereva wa malori, viwanda vilivyofunguka kwa sababu usafirishaji umekuwa rahisi. Lakini kazi hiyo mpya huzaliwa kwingine na humkuta mtu mwingine. Bandari kongwe za London zilifungwa moja baada ya nyingine, ya East India mwaka 1967, za Royal mwaka 1981. Kazi ilihamia kwenye maji marefu ya mtoni chini, ambako wachache walitosha. Kusema kwamba kwa ujumla jamii ilipata ni kusema kweli. Ila mtu haishi kwa ujumla. Anaishi mwaka huu, na kodi ya mwezi huu, na mtoto wa darasa la tano anayeshangaa kumwona mchana.

Mengine ya Marekani yametokea juzi tu. Oktoba 2024 makuli wa pwani ya mashariki na ya Ghuba ya Meksiko waligoma kwa siku 3, kutoka Maine hadi Texas. Mishahara ilikubalika haraka, lakini suala la mitambo likawaweka mezani hadi Januari. Mimi nilifuatilia kila siku kwa simu, nikiwa zamu, na wenzangu wa mataifa sita tukatafsiriana. Wengine walisema makuli wale wana ubinafsi, wanairudisha dunia nyuma. Mimi niliona watu wenye orodha.

Sasa nije kwa mpwa wangu, maana yeye ndiye aliyenifanya nikae niandike. Anapakia magunia ghalani. Mwezi ujao unaletwa mtambo: mkanda wa kupandisha, na mkono wa chuma unaoshika gunia na kulipanga kwenye paleti. Nimeuona mtambo kama huo ukifanya kazi, unashika kwa upole kuliko binadamu. Alikuja usiku na wenzake wawili, akaniuliza, "Mjomba, tufanye nini? Tuuzuie?"

Nikamwambia hapana. Gunia lile halistahili mgongo wako. Tukaanza kuandika wanachoweza kuomba: wazee waondoke kwanza na kitu mkononi, saa za kazi zipunguzwe kabla ya kupunguza watu, wanaotaka kujifunza kuuendesha mtambo wafundishwe wao kabla hajaletwa mtu wa nje. Niliyaandika vizuri, kwa namba, nikaridhika nayo.

Baba alikuwa amelala, nilidhani. Sauti ikatoka chumbani: "Majina mmeandika?"

Tukanyamaza.

"Andikeni majina. Na siku kila mtu aliyoanza. Kabla mtambo haujafika. Wote, hata yule anayeitwa mara moja kwa wiki."

Mpwa wangu alitoa daftari la shule. Jana alilirudisha: majina 61, kila moja na mwaka, na mbele yake sahihi au alama ya kidole. Mmoja ameanza mwaka 1998. Mwingine ana wiki mbili tu, na walibishana kama aingie. Wakamwingiza.

Baba aliliomba daftari. Haoni kusoma, kwa hiyo alinitaka nimsomee yote, taratibu, tangu la kwanza. Kwa kila jina aliitikia kwa kichwa. Tulipofika mwisho akaniambia nichukue karatasi nyingine, akaanza kunitajia genge lake.