Stuli za kaunta: tatu zimesimama, moja tumeizika

Leo nimezikalia zote tatu kwa zamu, nikajitikisa makusudi, na hakuna iliyocheza. Wiki tatu za kuvuta vumbi la mbao!

Kosa ni langu. Nilizinunua soko la Kibuye hapa Kisumu, za mtumba, bila kutoa futi mfukoni. Kimo cha 75 ni cha kaunta ya sentimita 105. Yangu ni 90, inataka stuli ya 65. Magoti yakawa yanagonga. Na kwa vile jiko na meza ya kulia viko chumba kimoja bila ukuta, ukiketi sebuleni uliona stuli zimechomoza kuliko viti kama korongo wa jalalani.

Basi nikaanza na moja, nikapima sentimita 10 kwa kila mguu, nikakata kwa pembe mraba. Ole wangu. Miguu yake imetanuka, kwa hiyo ikasimamia ncha. Nikapunguza huu, ule ukawa mrefu. Nikapunguza ule, wa tatu ukaning'inia. Nilipofika 58 nikanyoosha mikono. Sasa hiyo inabeba mtungi wa maji.

Dawa ilikuwa hii: pandisha stuli juu ya kaunta yenyewe, maana sakafu yangu ni ya kudanganya. Tia vibanzi chini ya miguu hadi pimamaji litulie. Laza penseli juu ya kipande cha mbao ili ncha yake iwe sentimita 10 kutoka juu ya kaunta, kisha ukizungushe kwenye kila mguu. Mstari unatoka mshazari wenyewe. Ufuate huo huo, usijitie ujuzi. Na tumia msumeno wa mkono wenye meno madogo. Grainda naipenda kwa chuma, lakini mbao inaiunguza na kuibanja. Zaidi ya hayo, ukikata kwa chini, umbali wa kikalio na pale pa kuwekea miguu haubadiliki.

Mpango ulikuwa kupaka stuli rangi ya viti. Nilijaribu kwenye mguu mmoja, nyumba ikafanana na ukumbi wa harambee. Halafu Jumamosi nikapita Dunga, ufukweni mwa ziwa, nikaona vikalio vilivyosukwa kwa gugumaji, lile lile linalozuia mashua. Mkebe wa rangi nimeufunga. Nitasuka vikalio vya stuli na vya viti pia, miguu ibaki kila mmoja na yake.

Mabua ya gugumaji yako juu ya mabati, na yasipokauka kabisa yanaota ukungu. Ni saa kumi, wingu limeshatanda ziwani. Acha nikayaanue.