Nkungwe, miguu bado inauma

Jamani, watu wa Kigoma, tuna mlima na hatuupandi! Nimerudi kutoka Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, na kilele cha Nkungwe kina mita 2,462. Ukikumbuka kwamba Ziwa Tanganyika lenyewe liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, basi unaanzia ufukweni na kupanda karibu mita 1,700 kwa miguu yako mwenyewe.

Hakuna barabara ndani ya hifadhi, unafika kwa boti. Askari mwenye bunduki anatangulia, mbeba mizigo anafuata akiwa amevaa yeboyebo (mimi na buti zangu mpya nilikuwa wa mwisho). Chini ni msitu mzito, joto, na kelele za sokwe mtu ambao hata hatukuwaona. Ukipanda zaidi unakuta mianzi, halafu nyasi tupu, upepo na baridi ambayo mtoto wa Ujiji hakuzoea. Usiku kwenye hema nilivaa kila nguo niliyobeba.

Lakini kule juu! Ziwa lote liko miguuni, na ng'ambo milima ya Kongo. Watongwe, wenyeji wa huku, wanauheshimu mlima huu tangu enzi za mababu, na nilipofika nikaelewa kwa nini.

Kushuka ndiko kunakoua magoti, msidanganywe. Nendeni kiangazi, mvua zikianza njia inateleza vibaya. Anayetaka msimu ujao aseme mapema, boti tukichanga wengi inakuwa nafuu.